Vyuo vikuu: mwenye kulipa apewe nafasi ya kuuliza

Kila mwaka wa masomo ukifunguliwa, mambo ni yaleyale. Mwanafunzi anasimama kwenye mstari wa benki tangu asubui, na makuta ambayo mama yake alikusanya sokoni kwa miezi mingi. Analipa minervali, anapewa bordero. Halafu anafika kwenye oditoriyo na kukuta wenzake wanafuata somo wakiwa wamesimama dirishani. Akiuliza: «Makuta yetu inaendaka wapi?», hakuna ofisi inayolazimika kumjibu.

Katika inchi yetu tunazungumza sana juu ya mishahara ya maprofesa, majengo mabovu na mfumo wa LMD. Hayo yote ni ya maana. Lakini kuna swali linalotangulia: nani anaongoza chuo, na anatoa hesabu kwa nani?

Kwa vyuo vya serikali, jibu linajulikana. Rekta, katibu mkuu wa masomo na msimamizi wa bajeti wanateuliwa kutoka Kinshasa, kwa amri ya rais ao uamuzi wa waziri. Maprofesa wanaofundisha hapo, wafanyakazi wanaofungua milango na wanafunzi wanaolipa, wote wanasikia majina kwenye redio.

Tabia hii ina historia. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka wa 1954, chuo kikuu cha Lubumbashi kikafuata mwaka wa 1956, na cha Kisangani mwaka wa 1963. Tarehe 4 Juni 1969, askari waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wanaandamana Kinshasa. Mwaka wa 1971, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu, na muda mfupi baadaye Mobutu akaunganisha vyuo vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA. Shabaha ilikuwa kuvishika vyuo mkononi. Mwaka wa 1981 vilitenganishwa tena, lakini mkono ule haukuachilia.

Matunda yake tunayaona. Kiongozi anayejua kwamba cheo chake kinatoka juu, macho yake yanabaki juu. Mwanafunzi akilalamika kwamba analazimishwa kununua silabusi, jambo ambalo wizara yenyewe imekataza mara nyingi, ao kwamba pointi zinauzwa, malalamiko yake yanaishia kwenye meza ya watu ambao hawana la kupoteza wakinyamaza.

Tena, serikali inalipa mishahara, lakini sehemu kubwa ya maisha ya kila siku ya chuo inatoka mfukoni mwa wazazi: mafuta ya jenereta, karatasi, hata ile prime ya hapo chuoni wanayogawiwa walimu na wafanyakazi. Katika miaka yote tuliyokaa kwenye viti vya chuo, hatukuona hata mara moja hesabu ya makuta hayo ikibandikwa ukutani. Majina ya waliokuwa hawajamaliza kulipa, hayo tuliyaona kila kipindi cha mitihani.

Mwezi wa Januari 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa walipinga kupandishwa kwa minervali. Vurugu zikatokea, masomo yakasimamishwa, na waliokaa katika vyumba vya chuo wakaamriwa kutoka. Kama kungekuwa na meza ambapo mwanafunzi anakaa na kusema kabla bei haijapangwa, pengine mambo hayangefika barabarani.

Wengine wanatuambia: mkileta kura chuoni, mtaleta ukabila na siasa. Sisi wa mashariki hatuwezi kucheka na woga huo. Lakini je, uteuzi umeuondoa ukabila? Kila komite mpya ikitangazwa, watu wanahesabu kwanza ni ndugu wa nani. Lovanium ilizaliwa na chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Leo kule Louvain rekta anachaguliwa kwa kura, na wanafunzi wana sehemu yao. Hapa kwetu pia inawezekana kuweka masharti: watakaogombea wawe maprofesa wasiokuwa na cheo katika chama cha siasa, muhula uwe na mwisho unaojulikana, na kura ya maprofesa, wafanyakazi na wanafunzi iwe na uzito uliopangwa mbele ya wakati.

Kwa Goma na Bukavu, jambo hili ni la haraka zaidi. Tangu Januari na Februari 2025, miji hii iko mikononi mwa AFC/M23, na vijana wetu wanaendelea kutafuta masomo na diploma itakayokubaliwa kila mahali. Chuo kinachosimama juu ya uteuzi peke yake, kinatikisika kila mara mamlaka inapotikisika. Chuo chenye baraza lake, sheria zake na watu wake waliokichagulia viongozi, kina nguvu zaidi ya kumwambia kila mwenye silaha: hapa ni mahali pa masomo.

Vyuo vya watu binafsi na vya makanisa navyo visijifiche. Mwenye kuanzisha chuo ana haki yake, lakini anayelipa naye anayo.

Tunaomba mambo matatu. Bunge libadilishe sheria ili viongozi wa vyuo wachaguliwe na wale wanaoishi na kufanya kazi ndani yake. Wanafunzi na wazazi wapewe viti vya kweli mahali bajeti inapopangwa. Na kila chuo, cha serikali ao cha binafsi, kibandike ukutani kila semesta: makuta yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki.

Mambo mawili ya kwanza yatachukua muda. La tatu halihitaji sheria mpya wala ruhusa ya Kinshasa. Linahitaji karatasi moja, gundi, na komite isiyoogopa kusomwa.