Kasongo–Kabambare: nusu saa ya ndege, na njia ya wengine

Kasongo, Maniema – Ndani ya simu, Kasongo na Kabambare ni jirani. Ukiuliza umbali, unaonyeshwa mstari ulionyooka juu ya ramani: karibu kilomita 120, ndege ndogo ingeumaliza kwa nusu saa hivi. Kutoka Kindu mpaka Kasongo mstari huo una kilomita zipatazo 190, dakika kama 40 hewani. Hesabu hiyo haina kosa. Kosa ni la viongozi wanaopima jimbo kwa hesabu hiyo.

Mstari wa ramani hauna matope. Hauna daraja la miti iliyooza, wala kizuizi cha watu wenye silaha. Mkaaji wa Kabambare anayo hayo yote, na kwake umbali unahesabiwa kwa mvua. Wakati wa kiangazi pikipiki inapita. Mvua ikikaza, motari anapandisha bei, abiria anashuka kusukuma, usiku unawakuta njiani. Mwenye mpunga anafunga magunia juu ya kinga na kuisukuma kwa miguu. Akifika soko la Kasongo amechoka hata kubishana, anauza kwa bei ya mnunuzi. Na mama aliyeshikwa na uchungu, anayepelekwa hospitali, anakalishwa katikati, motari mbele, ndugu nyuma akimshika asianguke. Huyo nani atamwambia kwamba safari ni nusu saa?

Njia hii si ya jana. Misafara ya Tippu Tip, aliyekuwa na makao hapa Kasongo, ilipita Kabambare kuelekea Ujiji na pwani, pembe za ndovu zikiwa juu ya mabega ya watu, wengi wao watumwa. Hakuna anayezitamani siku zile. Lakini zaidi ya miaka 100 imepita, na mzigo kati ya miji hii miwili bado unakwenda kwa nguvu za miguu.

Kasongo na Kabambare zote ni kati ya teritware 7 za Maniema, na zote zimo katika mpango wa serikali wa teritware 145, ambao pamoja na shule na vituo vya afya uliahidi njia za kufikisha mazao sokoni. Kabambare ina dhahabu ya Namoya. Dhahabu inaingia mfukoni. Mpunga hauingii, unataka gari.

Wako wanaojibu: usalama ni mbaya, afadhali ndege. Tiketi atalipa nani? Gunia la mpunga likilipiwa ndege, mchele huo utauzwa bei gani? Na hao askari wanaongojewa vijijini, nao wanapita njia hii hii. Ikifa njia, mwenye bunduki porini ndiye anayebaki na raha. (Reli ya Kindu–Kongolo isitajwe hapa, inapita ng'ambo ya pili ya Lualaba.)

Kwa hiyo mbele ya bajeti nyingine kupigiwa kura, wakubwa watakaotumwa kukagua waache uwanja wa ndege. Wavuke Lualaba pale Kindu, washike njia mpaka Kasongo, kisha waendelee mpaka Kabambare kwa pikipiki, mwezi wa Novemba. Na katika ripoti waandike saa walizotumia, pamoja na zile za kusukuma.