Mtoto wa Sumbawanga achekwa kwa "gofu ya jembe", ila waliomcheka ndio wamechemka

Kuna mchekeshaji mmoja chipukizi, mzaliwa wa Sumbawanga, wiki hii kachambwa mpaka basi. Kosa lake? Katupia klipu akicheza gofu Dar. Fimbo ilipanda wima, ikashuka imelala. Watu wakasema analima matuta ya Ufipa, wengine wakaleta utani uleule uliochakaa wa uchawi. Mpira wenyewe ulienda umenyooka, ila hilo hakuna aliyeliangalia.

Wanaocheka wanaamini fimbo lazima ishuke palepale ilipopandia. Nani kasema?

Njia ziko kama tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo, kupanda na kushuka mstari mmoja. Ni nzuri, ila haiko peke yake.

Ya pili, fimbo inapanda wima kisha inalala ikishuka. Mmarekani Ben Hogan, kwenye kitabu chake cha 1957, alieleza hivi: chukulia kuna kioo kimeegemea mabegani kwako kutokea kwenye mpira. Kioo cha kushukia kimelala zaidi kuliko cha kupandia. Jim Furyk akaizidisha kabisa, fimbo yake inazunguka huko juu kama kitanzi. Huyo kachukua US Open 2003, na 2016 akamaliza raundi kwa mikwaju 58, wa kwanza kufanya hivyo kwenye PGA Tour. Mcheke na yeye basi!

Ya tatu ndiyo yenye balaa: fimbo kushuka wima kuliko ilivyopanda. Mara nyingi ni mabega kuwahi kuzunguka. Fimbo inatupwa nje, inaukata mpira, na kwa anayetumia mkono wa kulia mpira unapinda kulia mpaka vichakani.

Mpira haujui fimbo ilipita wapi huko juu. Unachojua ni pale unapoguswa tu: fimbo inaelekea wapi na uso wake unatazama wapi.

Na mtoto wa Ufipa hayo kayaonja zamani. Jembe linashuka wima, fyekeo linapita limelala. Ukilishusha fyekeo kama jembe unachimba udongo, na mikono inakuuma kutwa. Anayefyeka vizuri anaanzia kiunoni, mikono inafuata. Gofu iko katikati ya jembe na fyekeo, na nguvu yake inaanzia hapohapo kwenye nyonga.

Kinachouma ni kwamba gofu Bongo bado inaonekana ya wenye hela na kadi za uanachama. Kijana wa mkoani akijaribu, anachekwa kabla hajafundishwa. Jamaa kaifuta klipu juzi usiku. Waliomcheka wengi wao hata fimbo hawajawahi kuishika, na wamemkatisha tamaa mtu aliyeupiga mpira ukanyooka.

Kaka, irudishe hiyo klipu. Wadau mnaonaje, alikosea kufuta? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.