Maoni: Masisi na Walikale, kabla ya kununua redio ya nyimbo, fungua kwanza mgongo wake

Muuzaji anaingiza kadi, anapandisha sauti hadi mwisho, taa nyekundu na za buluu zinaanza kucheza, na wapita njia wawili watatu wanasimama. Hivyo ndivyo redio ndogo za nyimbo zinavyouzwa katika masoko ya Masisi na Walikale, na wanunuzi wengi wanazichagua hivyohivyo, kwa sikio na kwa jicho. Mnunuzi anauliza inapokea kadi ya giga ngapi, anaomba apunguziwe franga kidogo, analipa, anaondoka. Mara chache sana utamsikia mtu akimwambia muuzaji: fungua huku nyuma nione batri.

Kosa linaanzia hapo. Katika wilaya hizi mbili za Kivu ya Kaskazini, chombo cha nyimbo kinafaa kuchaguliwa kwa batri kwanza, kisha kwa uwezo wa kukamata redio. Sauti kubwa na taa za kupendeza zije mwisho, kama pesa bado ipo.

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumza nyimbo, watu wanakimbia vita. Lakini atazame mtu yeyote safu ya wakimbizi wa ndani kwenye barabara ya kuteremka Sake: godoro, sufuria, bidoni, mtoto mgongoni, na mara nyingi redio imefungwa kamba juu ya mzigo. Mkulima anayeacha shamba la maharagwe hawezi kulibeba shamba. Kadi yenye ukubwa wa ukucha anaweza kuibeba, na ndani yake mna kwaya ya parokia aliyoiacha, harusi ya dada yake, na nyimbo za Innoss'B ambazo vijana wake hawachoki kuzipiga. Na chombo kilekile, kama kimechaguliwa vizuri, ndicho kitamwambia kesho kama barabara imefunguka.

Mwezi wa tatu mwaka 2025 unatosha kuwa mfano. Katikati ya mwezi huo, serikali ya Marekani iliwapeleka likizo ya lazima karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika, na matangazo yakanyamaza. Siku chache baadaye, tarehe 19, waasi wa M23 waliingia Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika siku za namna hiyo, mwenye chombo cha kadi peke yake ana nyimbo elfu mbili na hana habari hata moja. Jirani yake mwenye redio inayokamata mawimbi anajua kwamba mji umebadilisha mikono, na anaamua kama mke na watoto watangulie porini au wangoje.

Basi, swali la kwanza kwa muuzaji liwe la redio. Siyo kila kisanduku chenye spika ni redio. Vingine vinapiga kadi na flashi tu, au vinapokea nyimbo kutoka kwenye simu. Vyenye FM ni vizuri, na Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, imewazoesha wakaaji wa mashariki kusikia habari za Kongo nzima kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka. Mlima ukisimama katikati, yanaishia upande wa pili. Anayeijua Masisi anajua maana yake: juu ya kilima sauti ni safi, ukishuka bondeni unasikia mvuke tu. Ndiyo maana redio yenye masafa mafupi, ile iliyoandikwa SW kwenye kioo, haijapitwa na wakati huku, ingawa vijana wanaicheka. Mawimbi hayo hugonga anga la juu na kurudi chini, na usiku hufika mbali. Idhaa za kimataifa zinazotangaza kwa Kiswahili zimepungua, lakini hazijakwisha.

Je, simu kubwa ya kugusa haitoshi? Mjini inatosha. Anayekaa penye umeme na mtandao hana haja ya kubeba chombo cha pili. Hata Apple, waliotoa iPod mwaka 2001, waliacha kuitengeneza mwaka 2022 kwa sababu simu ilikuwa imemeza kazi yake. Lakini sehemu kubwa ya Masisi na Walikale umeme wa waya haufiki, na batri ya simu ya kisasa imefungiwa ndani kwa gundi. Ikichoka, simu nzima inakwenda kwa fundi, kama fundi yupo. Nyingi za kisasa hazina FM tena, na zilizo nayo hudai waya wa visikilizio uchomekwe ndio uwe antena. Waya ukikatika, redio imekufa. Tena simu ina picha, ina ujumbe, ina majina ya watu. Kwenye kizuizi, mbele ya mwenye silaha anayetaka kupekua, hivyo vyote vinaweza kugeuka maswali. Redio ndogo haina la kupekuliwa zaidi ya kadi. Inaweza kunyang'anywa, ndiyo, lakini hasara yake ni ndogo.

Sasa batri, maana hapa ndipo wanunuzi wanapoibiwa mchana kweupe.

Redio ndogo za kichina zinakuja na aina tatu. Ya kwanza ni batri bapa ambayo wengi wanaifahamu bila kujua jina lake: BL-5C, ileile iliyokuwa ndani ya Nokia 1100 tangu mwaka 2003 na ndani ya simu nyingi za vibonyezo zilizofuata. Uwezo wake ni kama mAh 1,000. Si mkubwa. Sifa yake ni kwamba inatoka kwa ukucha, na ya simu ya mzee inaingia kwenye redio ya kijana, ya redio inaingia kwenye simu. Nyumba yenye batri tatu za aina hiyo inaweza kupeleka mbili sokoni kuchajiwa huku moja ikifanya kazi. Kwa mtu anayeishi mwendo wa saa nne kwa mguu kutoka penye gurupu, hiyo ni faida ambayo hakuna taa ya rangi inayoweza kuilipa.

Ya pili ni ya duara, ndefu na nene kuliko jiwe dogo la redio, imeandikwa 18650. Ni batri nzuri sana ikiwa ya kweli. Mafundi huitoa hata kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa. Lakini madukani utaikuta imeandikwa mAh 9,900. Huo ni uongo. Kiwanda bora duniani kinafikisha takriban 3,500 katika umbo hilo, na nyingi za bei rahisi hazifiki hata nusu ya hapo. Ukiishika na kuiona nyepesi kama ganda tupu, mrudishie mwenyewe. Kupima hivyo hakuhitaji maabara.

Ya tatu ni ile isiyoonekana kabisa, imeshonwa kwa waya ndani ya kisanduku kilichofungwa. Hiyo haifai Masisi wala Walikale, hata ikiuzwa nusu bei. Ikifa, chombo kizima ni takataka.

Wazee watauliza kuhusu mawe ya kawaida. Yana heshima yake. Yanapatikana hata kwenye kibanda cha mwisho kabla ya pori, hayangoji jua wala gurupu. Ila kila mwezi yanaomba pesa, na mwisho wa mwaka yamekula bei ya redio yenyewe. Redio inayokubali batri ya kuchaji na mawe pia ndiyo bora kupita zote, na ikiwa ipo dukani ndiyo ya kuchukuliwa bila kubishana sana.

Kuhusu sola, wilaya hizi mbili si mahali pamoja, na anayenunua kwa kuiga jirani wa mbali anakosea. Walikale ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Chini ya miti mikubwa jua linafika kwa matone. Masisi ni malisho na vilima vilivyo wazi; mchunga ng'ombe anaweza kuning'iniza redio begani na ikapata mwanga, siku ambayo mawingu hayakulala juu ya milima. Lakini kule kote mbili, kile kipande kidogo cha sola kilichobandikwa juu ya redio ni pambo zaidi kuliko kazi. Kipande cha nusu wati kinatoa kama miliampea 100 jua likiwa kali kabisa. Kujaza BL-5C tupu kwa mwendo huo ni zaidi ya saa kumi za jua la utosini, na hakuna siku yenye saa kumi za jua la utosini. Afadhali majirani watatu wachange, wanunue paneli moja ya wati 10 yenye tundu la USB, iwekwe mahali pasipo kivuli. Walio ndani ya msitu wategemee batri za akiba na gurupu la sokoni, wakijua kwamba mafuta ya gurupu yanafuata barabara, na barabara ikifungwa bei yake inaruka.

Kuna jambo moja chungu ambalo haliwezi kupitwa kimya. Ardhi inayokosa vyombo hivi vya kudumu ndiyo inayovitengeneza. Mwaka 2000, bei ya koltani ilipanda mara nyingi duniani na watu wakakimbilia machimbo ya Masisi na Walikale. Mwaka uliofuata ilianguka, na ndio mwaka iPod ilitoka. Bati la Bisie, Walikale, lilikuwa likibebwa mgongoni kupita msituni, kisha likapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara huko Kilambo. Leo mgodi wa Alphamin hapo Bisie unatoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia, na bati ndilo linaloshikisha kila kiungo ndani ya redio, simu na kompyuta. Redio ya bei rahisi huenda haina chembe ya tantali ya Rubaya, lakini bati haiwezi kulikosa. Rubaya yenyewe iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani huko ilikuwa ikiwaingizia waasi takriban dola 800,000 kwa mwezi. Mchimbaji anayetoka shimoni jioni anarudi na pesa kidogo sokoni, na anauziwa batri ya uongo.

Limebaki la kadi. Nyimbo ya dakika nne iliyohifadhiwa kwa kiwango cha kawaida inakula kama mega nne, kwa hiyo kadi ya giga 8 inabeba karibu nyimbo elfu mbili. Ni nani huyo anayehitaji giga 128? Redio hizi ndogo nyingi hazisomi zaidi ya giga 32, na kadi kubwa za bei ya kushangaza mara nyingi ni ndogo zilizobadilishwa maandishi: zinakubali kujazwa, kisha zinaanza kufuta au kuharibu zilizotangulia. Njia ya kuijua ni kumwambia kijana mwenye kompyuta aijaze mpaka mwisho mbele yako, halafu apige wimbo wa kwanza na wa mwisho. Vyote viwili vikilia, lipa.

Na kwaya, harusi, sauti ya babu akihadithia ukoo, visikae kwenye kadi moja. Nyimbo za Kinshasa zinapatikana popote, ukizipoteza utazitia tena kesho. Kwaya ya kijiji kilichotawanyika haina duka linaloiuza. Waimbaji wengine wako Goma, wengine Minova, wengine hawapo tena. Kadi ya pili ya giga 4 inatosha, ikae na mtu mwingine wa jamaa anayelala nyumba nyingine, imefungwa kwenye plastiki isipate maji.

Wafanyabiashara wanaopakia mizigo Goma, na wale wanaoileta Walikale kutoka upande wa Kisangani, wanajua haya yote kuliko mtu mwingine. Wao ndio wanaochagua kabla mnunuzi hajachagua. Kisanduku cha redio zenye taa na kile cha redio zenye FM, SW na BL-5C vinachukua nafasi ileile kwenye lori na vinalipa kwenye vizuizi vilevile. Mzigo ujao walete cha pili, wenye kifuniko cha nyuma kinachofunguka kwa kidole bila bisibisi, na batri mbili za akiba ndani ya kila boksi.