Hetriki isiyopigiwa makofi

Aprili 3, 2018, New York Yankees walicheza mechi yao ya kwanza ya msimu nyumbani, na macho ya mashabiki yalikuwa kwa mgeni mmoja, Giancarlo Stanton. Mwaka uliotangulia, akiwa Miami, Stanton alikuwa amepiga mipira 59 nje ya uzio na kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Taifa. Siku hiyo alitolewa kwa straiki mara tano. Yankees walishinda 11-4, lakini yeye alizomewa na watu wa nyumbani kwake. Siku tano baadaye, dhidi ya Baltimore, akarudia balaa lile lile: straiki mara tano tena, na safari hii timu ikapoteza 8-7.

Kwa lugha ya besiboli, Stanton alipotolewa kwa straiki mara ya tatu alikuwa ameshapiga hetriki.

Msomaji aliyekulia kwenye redio ya kandanda ana haki ya kushangaa. Kwake hetriki ni sifa. Ni Geoff Hurst pale Wembley mwaka 1966, ni Kylian Mbappé huko Qatar mwaka 2022 akifunga matatu katika fainali na bado akaondoka bila kombe. Katika kriketi, ambako neno lenyewe lilizaliwa, ni sifa vilevile. Mwaka 1858, katika mji wa Sheffield, Uingereza, mrushaji H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Watazamaji wakachangishana, wakamzawadia kofia. Huko Canada, mchezaji wa magongo ya barafuni akifunga la tatu, mashabiki huvua kofia zao na kuzirusha uwanjani.

Wamarekani wa besiboli nao wameichukua kofia hiyo hiyo, wakamvika anayeharibu. Wapo watangazaji wanaoitumia hetriki kwa mchezaji aliyepiga mipira mitatu nje ya uzio katika mechi moja, na hakuna wa kuwakataza. Lakini kwenye mabenchi ya wachezaji, hetriki ni kutolewa kwa straiki mara tatu katika mechi moja, na hutajwa kwa kejeli.

Ili kejeli hiyo ieleweke, inafaa kujua mpigaji anapambana na nini. Mrushaji anamtupia mpira. Akipunga gongo na kukosa, ni straiki. Akiuacha mpira uliopita katika eneo halali, ni straiki pia. Zikifika tatu, zamu yake imekwisha. Katika mechi ya kawaida mpigaji hupata zamu nne hivi. Anayepiga hetriki, basi, amepoteza karibu kazi yake yote ya siku bila hata kumsumbua mdakaji mmoja. Akitolewa mara nne, kofia ya kawaida haimtoshi tena: anavikwa sombrero ya dhahabu, ile kofia ya Kimeksiko yenye ukingo mpana kama ungo. Mara tano ni sombrero ya platinamu. Mara sita kuna jina la mtu kabisa. Julai 1991, Sam Horn wa Baltimore alitolewa kwa straiki mara sita katika mechi iliyorefushwa dhidi ya Kansas City, na mwenzake Mike Flanagan akatangaza kwamba tangu siku hiyo mara sita iitwe Horn. Utani wa kikatili kidogo, ila umetoka kwa mtu wa timu yake mwenyewe.

Kuna wanaoona kwamba besiboli imelichafua neno zuri. Hoja hiyo haina uzito. Besiboli ni mchezo ambao bingwa hukosa zaidi ya anavyopata. Anayefanikiwa kugonga mara tatu katika kumi, mwaka baada ya mwaka, huhesabiwa miongoni mwa mahodari, na tangu Ted Williams afikishe wastani wa .406 mwaka 1941, hakuna aliyegusa .400 kwa msimu mzima katika ligi kuu mbili za Marekani. Mchezo wa namna hiyo usingeweza kuishi bila kuyahesabu makosa na kuyapa majina. Mark Reynolds wa Arizona alitolewa kwa straiki mara 223 mwaka 2009, rekodi ya msimu mmoja, na mwaka huo huo akapiga mipira 44 nje ya uzio. Namba zote mbili zimeandikwa, wala hakuna aliyejaribu kuificha moja.

Kandanda letu ni bahili upande huo. Julai 1977, Simba walipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni alipachika matatu, na hadithi hiyo wazee bado wanaisimulia kana kwamba ni ya jana. Nafasi alizokosa maisha yake yote, nani anazijua? Miezi mitatu baada ya mechi ile, Oktoba 18, 1977, Reggie Jackson wa Yankees alipiga mipira mitatu nje ya uzio katika mechi iliyowapa ubingwa dhidi ya Dodgers. Ilikuwa zamu tatu mfululizo, warushaji watatu tofauti, na kila zamu aliupiga mpira wa kwanza aliotupiwa. Jackson huyo huyo ndiye anayeshikilia rekodi ya kutolewa kwa straiki mara nyingi kuliko wote katika historia ya ligi kuu: 2,597. Hayo hayakumzuia kuingia kwenye Jumba la Mashujaa mwaka 1993.

Shohei Ohtani naye alionja pande zote mbili ndani ya wiki mbili. Mwanzoni mwa Oktoba 2025, dhidi ya Philadelphia, alitolewa kwa straiki mara nne akiwa mpigaji, huku akiwa ndiye mrushaji aliyeipa Dodgers ushindi. Oktoba 17, dhidi ya Milwaukee, akapiga mitatu nje ya uzio, na akiwa mrushaji akawatoa wapinzani kumi kwa straiki.

Besiboli imeshafika kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Fainali za Dunia za Ligi Ndogo huko Pennsylvania, na walishinda mechi. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania. Matokeo yataendelea kufika kwenye meza za habari za michezo. Mhariri akipokea taarifa kwamba kijana fulani amepiga hetriki, aulize kwanza ni tatu zipi, kabla hajampongeza kwa herufi kubwa ukurasa wa mwisho.