Kinu Kikikataa Kuwaka, Usikimbilie Pampu

"Mashine imekataa kuwaka. Fundi anasema ni pampu. Tuma pesa."

Msomaji, kama una jamaa mashambani mwenye kinu cha unga, huenda ujumbe wa aina hii umewahi kukufikia, tena aghalabu mwisho wa mwezi ukiwa bado mbali. Leo hebu tuufuate hadi unakotoka. Tuseme umetoka kijiji kilicho nje kidogo ya Oyugis, ule mji wa Kaunti ya Homa Bay ulio kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kisii, ambao wengi wenu mnaujua kwa viazi vitamu.

Umeme ukifika mahali, wenye vinu hununua mota. Pasipo na umeme, kazi ingali ya injini ya dizeli ya silinda moja. Iko ile nzito yenye magurudumu makubwa ya chuma, ya mtindo wa Lister wa Uingereza, ambayo viwanda vya India vimeiiga kwa miaka mingi. Iko pia ile ya Kichina yenye birika la maji juu. Injini hiyo ikinyamaza siku moja, watoto hubeba gorogoro zao za mahindi na mtama hadi kijiji cha pili, na mama mwenye kinu hukosa pesa alizokusudia karo. Wateja nao wakishazoea kinu kingine, kuwarudisha ni kazi.

Kwa hivyo usimcheleweshe mama. Lakini kabla hujatuma pesa za pampu, uliza maswali machache. Mara nyingi pampu haina neno, na maradhi yako njiani kati ya tangi na pampu, mahali ambapo spana mbili na kitambaa safi hutosha.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa kwa nguvu mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta hunyunyizwa humo kama ukungu na kujiwasha yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuifanya injini ya namna hii ifanye kazi mwaka 1897. Kinachonyunyiza ni nozo, na kinachoisukumia nozo mafuta ni pampu ndogo yenye shinikizo kubwa ajabu, zaidi ya mara 100 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Vyuma vya ndani ya pampu hiyo vimechongwa vikaoana kiasi kwamba hata unywele haupiti kati yao. Sasa fikiria imefunguliwa juu ya gunia, chini ya mwembe, upepo ukivuma! Pampu iliyokuwa nzima asubuhi yaweza kuwa mbovu kweli kweli ifikapo jioni.

Swali la kwanza basi: "Mama, mkizungusha hendeli, bomba linatoa moshi?"

Kama injini inazunguka vizuri na bomba halitoi moshi wowote, basi mafuta hayafiki ndani ya silinda. Kama moshi mweupe unatoka na injini haishiki, mafuta yanafika lakini hayaungui. Labda asubuhi ni ya baridi, labda yana maji, au pistoni imechoka na haibani hewa sawasawa. Swali hilo moja halihitaji spana, na linaweza kumwokolea mtu siku nzima ya kufungua vitu visivyohusika.

Tuchukue kwamba hakuna moshi. Anzeni tangini, wala msione haya. Je, mafuta yamo? Koki iliyo chini ya tangi imefunguliwa, au mtoto ameichezea? Mkono wa kuzimia injini umerudishwa mahali pa kuwakia? Katika injini za mtindo wa Lister, chuma kidogo kinachopima mafuta pembeni mwa pampu huweza kugandamana injini ikikaa wiki kadhaa bila kazi. Kikisukumwa kwa kidole kinapaswa kuteleza bila ubishi. Halafu kuna kifuniko cha tangi, ambacho wengi hukisahau. Kina kitundu cha kuingiza hewa. Kitundu kikizibwa na vumbi la unga, mafuta hugoma kushuka, na injini huwaka kidogo kisha ikafa. Kifunguliwe, ukisikia tangi likivuta pumzi, dawa umeipata.

Baada ya hapo ni hewa, na hapa ndipo nataka tukae. Mafuta hayabanwi kwa urahisi. Ukiyasukuma upande huu, yanasukuma upande wa pili. Hewa hubanwa. Kiputo kimoja kikiingia kwenye paipu, pampu itakibana na kukiachilia, kukibana na kukiachilia, na nozo haitafunguka kamwe. Mtu atazungusha hendeli mpaka mabega yaume. Hewa huingia mafuta yanapoachwa yaishe kabisa, au chujio linapobadilishwa na washa kuukuu za shaba zikarudishwa palepale. Kwa wenye pikapu za dizeli, ambazo mafuta yake hunyonywa kutoka tangi lililo chini, ufa mwembamba kwenye paipu ya kunyonya huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Usitarajie kuona mafuta chini ya gari.

Kuitoa si uganga. Legezeni skrubu ya juu ya chujio, mafuta yatiririke mpaka yatoke bila povu, kisha ikazeni. Fanyeni vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu. Tangi likiwa juu ya injini, mafuta hushuka yenyewe. Kwenye pikapu kuna kipampu cha mkono juu ya chujio au karibu nalo. Mwisho legezeni kidogo nati ya paipu inapoingia kwenye nozo, mzungushe hendeli taratibu mpaka mafuta yaruke bila mapovu, mkaze. Fundi mwenye sikio hatakwambia mengine mpaka asikie nozo ikilia "krii" kila hendeli inapozunguka. Sauti hiyo ni njema.

Lakini pana onyo, nanyi wanafunzi mnaopenda kusaidia likizoni lisikieni vizuri. Nozo inayonyunyiza haiwekewi mkono. Mafuta yale hupenya ngozi kama sindano, na kidonda huwa kidogo, pengine bila maumivu mwanzoni, huku ndani nyama ikiharibika. Likitokea, ni hospitali saa ileile, wala si kungoja asubuhi. Na yule jirani anayeshauri kitambaa cha petroli kiwekwe kwenye mdomo wa hewa ili "kuishtua" injini, mshukuruni mumwache aende zake.

Ikiwa hewa imetoka na bado kimya, tazameni mafuta yenyewe. Chukueni chupa safi ya kioo, mkinge kutoka chini kabisa ya tangi au ya chujio, mwiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini na mpaka wake huonekana. Ute mweusi nao si takataka tu: vijidudu huishi pale maji na dizeli vinapokutana, na ute wao huziba chujio. Maji yenyewe mara nyingi hayakuuzwa na mtu. Tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa ya usiku huganda kwenye kuta zake na kushuka. Majira ya mvua za masika ni heri lijazwe jioni.

Wauzaji nao wamo. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wajanja wakayachanganya. Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuondoa faida hiyo, na maskini wa koroboi wakabebeshwa mzigo wa wezi. Hilo sijalipenda hadi leo. Mafuta taa hayalainishi pampu kama dizeli, kwa hivyo mchanganyiko huiwasha injini leo na kuimaliza polepole. Mtungi uliowahi kubeba maji, au dizeli ya kando ya barabara isiyochujwa, huleta hasara hiyohiyo. Kitambaa kisichotoa nyuzi kwenye faneli ni bei ya soda.

Sasa tuseme mafuta ni safi, yanafika kwenye pampu bila povu, mkono wa kuzimia uko sawa, chuma cha kupimia kinateleza, na paipu ya kwenda kwenye nozo ikilegezwa hakitoki kitu. Hapo fundi ana haki ya kutaja pampu. Mwombe aing'oe bila kuifungua, azibe matundu yake yote kwa plastiki safi, na aipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kuipimia, katika mji mkubwa kama Kisumu. Nauli ya matatu ndiyo utakayotuma kwanza. Za ukarabati zingoje mpaka pampu ipimwe na uelezwe kilichoharibika.