Mto haunywewi na mtambo

Ndugu mwandishi, asante kwa makala yako, lakini usituandikie kwamba mtambo wa umeme wa Matebe "unatumia" maji. Jirani yangu hapa Kiwanja bado anaamini Mto Rutshuru utakauka, na mtambo ulizinduliwa Desemba 2015! Maji yanakingwa, yanapita mferejini, yanashuka kwa bomba nene na kusukuma mapanga ya tabo. Tabo inazungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, umeme unatoka, na maji yanarudi mtoni. Megawati 13.8 za mtambo huo zinatokana na wingi wa maji na kimo cha kuanguka kwake, basi.

Kuhusu nyaya za kupeleka umeme Goma, makala yako imepita mbio. Volti zikipandishwa mara kumi, mkondo unapungua mara kumi, na umeme unaopotea kama joto njiani unapungua mara mia. Transfoma iliyo karibu na nyumba zetu kazi yake ni kushusha volti tena. Mimi nachomelea vyuma na upotevu huo nauona: nikiunga waya mrefu mwembamba hadi nyuma ya nyumba, mashine inagoma na waya unapata moto.