Anwani Tupu Haitoshi
Mtu aliyezoea kuacha vichupo kadha wa kadha wazi kwenye kivinjari chake, kwa hofu ya kuipoteza elimu aliyoiona humo, kwa rai yangu ni aula avihamishie katika programu ya madokezo kama Obsidian, ambayo huyahifadhi maandishi katika mafaili ya kawaida ndani ya kompyuta ya mwenyewe. Kwani hata Pocket, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi makala iliyokuwa hazina ya wasomaji tangu 2007, ilifungwa na Mozilla mwezi wa Julai 2025. Lakini anwani tupu haimfai kitu, maana kurasa za intaneti hufutwa bila ya taarifa. Hana budi kuinakili ibara yenyewe, na chini yake, kwa maneno yake, aeleze sababu ya kuihifadhi. Na kichupo asichokipatia sababu, akifunge pasi na majuto.